Marudio ya Mia Nne na Kumi na Mbili

Mshale wa spidi hautolewi kwa vidole. Ukiuvuta kwa vidole, mhimili wake mwembamba kama sindano unapinda, na ukishapinda hakuna spidi itakayosomeka sawasawa tena. Mimi hutumia vijiko viwili vya chai. Naviingiza pande mbili chini ya kitovu cha mshale, juu ya kipande cha kadibodi ili uso wa geji usikwaruzike, halafu nabonyeza vyote kwa pamoja, polepole, mpaka nisikie mlio mdogo wa kuachia.

Nilikuwa nimeshatoa mshale wa chaji na mshale wa joto kwa njia hiyo, na vijiko vilikuwa tayari chini ya mshale wa spidi, dada yangu Zahabu alipoita kutoka jikoni.

"Hoza! Vijiko vyangu!"

"Dakika tano."

"Dakika tano za Jumamosi au za leo? Leo Jumanne. Watu tunakoroga chai kwa mpini wa mwiko kama wafungwa."

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Nikavitoa vijiko bila kubonyeza, nikaviweka kando. Tangu Jumamosi nilikuwa nafika hapo hapo, naacha. Mshale wa spidi na ule mdogo wa usukani, unaoonyesha upande gari linakogeukia, nilikuwa bado naihitaji mahali pake mpaka saa kumi na dakika kumi ipite.

Geji zenyewe zilikuwa mezani, mbele ya dirisha, zimelazwa juu ya taulo. Waya mbili, nyekundu na nyeusi, zilitoka nyuma yake kwenda kwenye betri iliyokuwa chini ya meza. Hakukuwa na gari, wala tairi, wala pedali. Nje ukungu ulikuwa umeshafika kwenye ua, na mti wa mpea ulioko hatua sita kutoka dirishani ulikuwa hauonekani.

Kazi niliyopewa ilikuwa nyepesi. Bi. Nakiete, mjane wa marehemu Mwalimu Mbelwa, aliniletea geji za gari lililomuua mumewe. Alitaka nizibadilishe uso. Taa za bluu zilizotoka kiwandani zilikuwa zinamuumiza macho, akataka rangi ya njano kama ya taa ya chemli, na tarakimu zote, kuanzia sifuri hadi mia na ishirini, ziwe kwa mwandiko wa Mwalimu. Alikuja na madaftari ya zamani ya wanafunzi wake wa hesabu ili nichague. Baada ya hapo nizifunge kwenye gari lake yeye, lile dogo analobebea sare za shule anazoshona.

"Nataka linipeleke kama alivyokuwa ananipeleka," aliniambia Jumamosi ile, amesimama hapo mlangoni, geji amezifunga kwenye kanga.

Hilo linawezekana. Nyuma ya uso wa geji za siku hizi kuna kiini, kidude cheusi chenye ukubwa wa kiberiti. Kiini hujifunza mguu wa dereva: anakanyaga vipi, anaachia wapi, kona gani anaiingia kwa woga na ipi kwa mazoea. Ukungu ukishuka au macho yakichoka, kiini husaidia mguu. Na gari likiwa limesimama, mradi kuna umeme, kiini hurudia njia. Kinaiendesha tena safari iliyopita, peke yake, hatua kwa hatua, kikitafuta pa kurekebisha. Ndani ya gari huoni kitu, kwa sababu mishale hufungwa. Lakini ukizitoa geji ukaziweka mezani bila kufuli yake, mishale hucheza. Nimeifanya kazi hii nyumbani miaka kumi na tisa, bila kufundishwa na mtu, na kuona mishale ikipanda na kushuka mezani hakujawahi kunisumbua. Niliichukulia kama mbwa anayekimbia usingizini.

Kila mwaka, kwenye ukaguzi, kiini hutoa kilichojifunza na magari yote ya mlimani hukipokea. Ndivyo magari yetu yalivyojua mashimo, utelezi na ng'ombe wanaolala barabarani. Kuna sharti moja tu. Somo jipya halitoki mpaka lirudiwe mara tatu mfululizo likiwa lile lile. Kila marudio yakifaulu taa moja ya kijani huwaka, chini kushoto. Zikiwaka tatu, somo limefungwa.

Ukaguzi wa gari la Bi. Nakiete ulikuwa Ijumaa. Taa mbili zilikuwa zinawaka.

*

Zahabu aliingia na kikombe, akakiweka mbali na waya kama nilivyomzoesha. Akainama kutazama geji.

"Kinahema hiki kidude," alisema. "Asubuhi nilipofagia nimekisikia."

"Ni mota ndogo za mishale."

"Mimi nakwambia kinahema, wewe unaniambia mota." Akachukua vijiko vyake, akavifuta kwenye kanga. "Mwenye geji anakuja. Nimemsikia kwenye kona ya chini."

"Umemsikia?"

"Si anajitaja! Angekuwa wewe ningesikia nini? Wewe unapita konani kama paka wa msikitini."

Alisema kwa utani, kama anavyosema miaka yote. Mimi nikashika ukingo wa meza.

Inabidi nieleze jambo hili kwa yeyote asiyetoka kwetu. Tangu magari yaache kunguruma, ukungu ulianza kuua watu. Ulikuwa huoni gari na hulisikii. Ndipo watu wa barabara ya Soni wakaanza kujitaja. Ukifika kwenye kona, unatamka kwa sauti jina lako, jina la baba yako, na upande ulioko. Zahabu binti Shekilindi, niko upande wa mwamba! Dereva anasikia, na sikio la gari linasikia, maana kila geji ina sikio kwa ajili ya honi na ving'ora. Siku ya ukungu mzito ukikaa kibarazani unayasikia majina yanapanda na kushuka mlima bila watu wake. Mtoto wa kwetu hujua kujitaja kabla hajajua kuhesabu.

Mimi sauti yangu ni ndogo. Nilipokuwa shule walimu waliniambia niongee, sio ninong'one. Kupiga kelele jina langu mahali ambapo hakuna mtu kulinitia haya tangu utotoni. Hivyo mara nyingi nilipita kona kimya, nikitegemea masikio yangu.

Mwaka mmoja na siku arobaini na saba zilizopita, nikitoka Mombo na begi la geji za lori, nilivuka barabara kwenye Kona ya Mwamba Mweusi. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka mwambani, nikataka kupita upande wa bonde ili nisilowe. Sikujitaja. Nilifika katikati nikaona taa mbili, kama mayai ndani ya maziwa. Halafu taa zikageuka, zikaniacha. Nikasikia mawe yakiporomoka kwa muda mrefu, na baada ya mawe sikusikia kitu.

Nilikimbia mpaka Soni. Niliwaambia watu gari limeanguka. Sikuwaambia limeanguka kwa nini.

*

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Mpare," Zahabu alimpokea mlangoni. "Umekuja na zawadi au umekuja na kesi?"

"Kesi. Zawadi nimemwachia jirani."

"Najua tu. Ninyi kuku wa mtu akikohoa, mnakwenda mahakamani."

"Na ninyi Wasambaa akikohoa mnasema karogwa." Bi. Nakiete akacheka, akatikisa matone ya ukungu kwenye shuka lake. Ni mwanamke mrefu, mkavu, ana tabia ya kugusa vitambaa vya watu bila kujua, kupima uzi. Aligusa taulo la mezani, halafu geji zenyewe, kwa ncha ya kidole.

"Fundi Hoza, nimekuletea arobaini nzuri kuliko ile. Ona." Akafungua daftari lililopauka. Juu ya ukurasa, kwa wino mwekundu, palikuwa na 40 kubwa, nne yake ikiwa wazi juu kama kikombe. "Huyu mtoto alipata arobaini kwa mia. Mbelwa aliiandika kwa hasira, ndiyo maana imenyooka hivi."

"Ni nzuri," nilisema.

"Nyingine umeshachora?"

Nilimwonyesha uso mpya niliokuwa nauchora kando, kwenye plastiki nyeupe. Sifuri, ishirini, sitini, themanini zilikuwa tayari. Arobaini nilikuwa nimeanza kwa penseli kutoka daftari la kwanza. Aliitazama, akarudi kuitazama ile ya daftari.

Saa tisa na dakika thelathini na nane. Mfukoni mwa shati nilikuwa na pini. Nyuma ya kiini kuna tundu dogo. Ukiingiza pini ukashikilia kwa sekunde kumi, kila kitu kinafutika na kiini kinakuwa kama kilivyotoka kiwandani. Nilikuwa nimeitoa na kuirudisha pini hiyo mara nyingi tangu Jumapili. Ningefuta, na mama huyu asingejua. Angepata taa za njano na mwandiko wa mumewe juu ya kiini kisichomjua mumewe. Angeendesha akidhani ni yeye.

"Bi. Nakiete," nilisema, "kaa hapa. Ukae utazame."

"Nitazame nini?"

"Anaondoka Mombo sasa hivi."

Saa tisa na dakika arobaini. Mshale wa spidi ukatikisika, ukapanda hadi ishirini, ukatulia. Mshale mdogo wa usukani ukalala kushoto, ukarudi katikati. Hakuna mtu aliyegusa chochote. Bi. Nakiete alisogeza kiti nyuma, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu.

"Nani anafanya hivyo?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapo juu, kwa maneno machache zaidi. Nilimuuliza gari lilikaa wapi tangu ajali.

"Uani kwangu."

"Limechomekwa kwenye umeme?"

Aligusa ukingo wa taulo. "Yeye ndiye aliyekuwa anachomeka kila jioni. Nikaona nikiacha... Nimekuwa nikilichomeka. Kila jioni. Hata watoto wangu hawajui."

"Basi lilikuwa linarudia. Kila siku, saa hii hii. Leo ni mara ya mia nne na kumi na mbili."

Akasogeza kiti mbele tena.

Tulikaa. Zahabu alikuja kusimama kwenye mlango wa jikoni, vijiko mkononi, akasahau kwenda. Ukungu uliegemea kioo. Mishale iliendelea kupanda mlima mezani, arobaini na tano pale barabara iliponyooka, thelathini kwenye daraja. Mahali fulani mshale wa spidi ulishuka hadi sifuri ukakaa hapo, ukitetemeka kidogo.

"Limeharibika?" Zahabu aliuliza kwa sauti ndogo isiyo yake.

"Hapana," Bi. Nakiete alisema. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni. "Hapo kuna mama anachoma mahindi. Ananunua mawili. Moja anakula njiani, moja ananiletea limepoa." Tulingoja dakika mbili. Mshale ukapanda tena. "Ona anavyoondoka. Ona! Taratibu, kama amebeba mayai. Huyo ni yeye kabisa."

Nilimwacha afurahi kwa muda. Sijui kama nilifanya vizuri.

"Walisema alikuwa amelewa," alisema baadaye, macho yakiwa kwenye geji. "Sokoni, kanisani. Hata ndugu zake. Barabara anaijua miaka thelathini, anaangukaje kwa spidi ndogo, kama hajalewa? Sijawahi kuwa na cha kuwajibu."

"Hakulewa."

"Unajuaje wewe?"

"Safari ya siku ile imo kwenye kiini, nami nimeusoma mwendo wa huu mshale mdogo. Ulifika konani ukaruka upande wa bonde kwa mara moja. Mlevi huchelewa. Huu haukuchelewa."

"Kwa hiyo alikwepa kitu."

"Ndiyo."

"Kitu gani?"

Saa kumi na dakika tatu. "Mtu," nilisema.

Aligeuka kunitazama, kisha akarudisha macho kwenye geji, kama anayeogopa kupitwa. "Mtu," alirudia. "Na huyo mtu hakujitaja?"

"Hakujitaja."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kwanza kilichobaki, kwa sababu muda ulikuwa unakwisha, na lilikuwa jambo linalohusu watu wengi kuliko mimi.

Orodha ya marudio husomeka kwenye kiini, nami nilikuwa nimeisoma yote Jumapili, mstari kwa mstari. Siku ya kwanza kilifunga breki mapema kidogo, tope likalitelezesha gari, mishale yote ikaanguka sifuri. Siku ya pili kilikuja kwa thelathini badala ya thelathini na nane. Sifuri. Kilijaribu kukwepa kidogo, kukwepa sana, kukwepa upande wa mwamba. Hakiruhusiwi kujua kuna mtu kabla ya jicho la gari kumwona, na hakiwezi kwenda mwendo ambao Mwalimu hakuwahi kwenda. Njia mia nne na tisa, na katika zote Mwalimu alikufa.

Jumapili, mara ya mia nne na kumi, kilipata nyingine.

"Niliona kwa macho yangu," nilimwambia. "Usukani haukuruka. Ulibaki katikati. Spidi ilikuwa thelathini na nane, ikashuka hadi thelathini na tano, ikapanda tena. Halafu gari likaendelea, likapita Soni, likafika kwako, likazima. Taa ya kwanza ikawaka."

"Alifika?"

"Alifika. Na jana tena. Taa ya pili."

Uso wake ulifunguka, kisha nikauona unajifunga polepole. Yeye ni mwanamke anayepima vitu. "Na huyo mtu?"

"Ile thelathini na tano," nilisema. "Kilomita tatu kwa saa zinazopungua gari linapompitia. Huo ndio uzito wake."

Zahabu alisema, "Ee Mungu," akakaa kwenye kizingiti.

"Mbelwa hawezi," Bi. Nakiete alisema. "Mbelwa alikuwa anasimamisha gari hata vinyonga wapite."

"Si yeye. Hapo kiini kimeachana naye. Kinatumia mguu wake, lakini hilo ni somo la kiini chenyewe. Leo kikilirudia, taa ya tatu itawaka na somo litafungwa. Ijumaa litakwenda kwenye magari yote. Mtu atakayetokea kwenye ukungu..." Alishaelewa. Barabara ile hupitwa na watoto wenye vikapu vya matunda damu.

"Lifute basi!"

"Naweza. Pini ninayo hapa. Lakini haliwezi kufutwa peke yake. Nikifuta, yote yanakwenda. Mahindi. Kuondoka taratibu. Na ule mruko wa siku ile, ambao ndio ushahidi pekee kwamba hakulewa."

Saa kumi na dakika saba. Mshale wa usukani ulikuwa unalala na kuamka kwa kona za mfululizo ninazozijua kwa miguu. Aliweka mikono miwili mezani, pande mbili za geji, kama mtu anayetaka kubeba sinia.

"Hakuna njia nyingine?"

Ilikuwepo. Niliijua tangu Zahabu aliponitania asubuhi ya Jumatatu, na leo alikuwa ameirudia. Kiini kilijaribu yote isipokuwa kile ambacho siku ile hakikupewa. Sikio lake lilikuwa wazi, tundu dogo chini ya mahali pa mshale wa joto. Kama sauti ingefika kabla ya jicho, kungekuwa na sekunde tatu zaidi, na sekunde tatu kwa thelathini na nane zinatosha.

Ningeweza kumwambia mama huyu aende jikoni na Zahabu. Ningeweza kufunga mlango na kuinamia lile tundu, nikatamka ninayotakiwa kutamka kwa sauti yangu hii ndogo, nikamrudishia geji Ijumaa na heshima ya mumewe, na asijue kamwe. Hata jina la mtu mwingine lingefaa. Kiini hakijui majina, kinajua kelele tu. Nilifikiria hayo yote. Nilikuwa na karibu dakika moja na nusu ya kufikiria.

Pini nikaiweka mezani. Nikasimama. Mshale wa usukani ukaanza kulala kushoto kwa ile kona ndefu inayokuja kabla ya mwamba, na spidi ikashika thelathini na nane.

"Hoza!" niliita. Sauti iligonga bati la paa, sikuitambua. "Hoza bin Shekilindi! Niko katikati! Navuka kwenda upande wa bonde!"

Mshale wa spidi ulianguka. Ulipita thelathini, ulipita kumi, lakini haukuanguka kama ulivyoanguka Jumamosi, kama kitu kilichokatwa kamba. Ulishuka kama mtu anayeshuka ngazi, ukagusa sifuri, ukakaa hapo ukitetemeka. Usukani ulibaki katikati. Mota ndogo zilikuwa zinavuma. Zahabu alisema kweli, kilikuwa kinahema.

Kilisimama hapo kwa muda wa mtu mmoja mwenye begi kuvuka barabara. Kisha kikaondoka, taratibu, kama kimebeba mayai.

*

Tulitazama mpaka mishale ilipopita Soni.

"Begi lako lilikuwa na nini?" Bi. Nakiete aliuliza. Hakuwa ananitazama.

"Geji mbili za lori."

"Uliumia?"

"Nilianguka. Kiganja."

"Lete."

Nikampa mkono. Aliugeuza, akaliangalia kovu kwa namna anayoangalia mshono wa mtu mwingine, akapitisha kidole gumba juu yake mara moja. Akauachia. Wakati huo mshale wa spidi ulikuwa unashuka kwa vipande vidogo vidogo, kumi, tano, kumi.

"Matuta ya kwetu," alisema. Mshale wa usukani ukalala kulia kabisa. "Geti." Mshale wa spidi ukalala. Mota zikanyamaza.

"Amefika," alisema Bi. Nakiete.

Taa mbili za kijani zikazimika kwa pamoja. Baada ya kitambo ikawaka moja.

Nikamweleza. Lile somo la zamani lilikuwa limevunjika, na hili jipya linahitaji kurudiwa kesho na keshokutwa. Alhamisi saa kumi na dakika kumi litafungwa, Ijumaa litatoka.

"Na kesho ukinyamaza?"

"Hakitasikia kitu. Kitarudi kwenye njia iliyokiponya."

Alijifunga shuka. Zahabu alinyanyuka kizingitini, akasogea karibu nami.

"Mia nne na kumi na mbili," Bi. Nakiete alisema. "Na wewe unakaa hapa, kona tatu kutoka kwangu. Ulikuja mazishini. Ulishika koleo."

"Ndiyo."

"Nilikupa chai."

"Ndiyo, mama."

"Usiniombe msamaha leo. Ukiniomba leo nitakupiga kwa hicho kiti." Sauti yake haikupanda. "Kesho nitakuja saa tisa na nusu. Nitakaa hapa hapa, na utajitaja mbele yangu. Na Alhamisi vilevile, pamoja na ndugu zake Mbelwa, wote waliosema alilewa. Ijumaa likishatoka, ndipo nitajua nakupeleka wapi. Mimi ni Mpare, umesikia?"

"Nimesikia."

Alifika mlangoni, akarudi. Alidhani amesahau daftari, nadhani, maana alilishika, lakini hakulichukua. Akainamia uso wa plastiki niliokuwa nauchora, akaweka kidole juu ya arobaini yangu ya penseli.

"Hii nne umeifunga juu. Yeye hakuwahi kuifunga. Ifute, uanze upya."

Akatoka. Tulimsikia anashuka kwenye ukungu, na kwenye kona ya chini akajitaja, jina lake, jina la baba yake, upande wa mwamba, kwa sauti iliyonyooka.

Nikachukua kifutio, nikaifuta arobaini mpaka plastiki ikawa nyeupe kabisa. Daftari nikaliacha wazi kwenye ukurasa ule. Mshale wa spidi nikauacha mahali pake, na waya zikiwa kwenye betri. Zahabu aliweka vijiko viwili kando ya taulo, akaenda kukoroga chai kwa mpini wa mwiko.